Mackay wa Usambiro: Aliyepumzisha Wengine

Sisi tunaokaa kati ya mashimo ya dhahabu ya Geita na mashamba ya pamba ya Shinyanga, tukitaja wamisionari wa kwanza huwa tunafikiria Buganda au pwani. Lakini mmoja wao alimaliza mwendo wake jirani na sisi, kusini ya Ziwa, mahali palipoitwa Usambiro.

Alexander Mackay alizaliwa Scotland tarehe 13 Oktoba 1849. Hakuwa kasisi, alikuwa mhandisi. Chama cha C.M.S. kilimtuma Afrika mwaka 1876, naye akafika Buganda mwezi Novemba 1878. Huko alifua chuma, akajenga, akapiga chapa karatasi za kusomea. Mwaka 1887 Kabaka Mwanga alimwondoa, akahamia Usambiro.

Hapo nyumba yake ikawa kituo cha waliochoka. Mwezi Machi 1888 Askofu Parker alifariki kwa homa papo hapo, na Mackay alikuwa miongoni mwa waliomlilia. Mwaka huo huo wamisionari Gordon na Walker, waliofukuzwa Buganda, walipata makao kwake, pamoja na Waganda Wakristo waliokimbia. Agosti 1889 alifika Stanley akitoka Kongo pamoja na Emin Pasha, wakiwa na msafara wa mamia ya watu waliodhoofika. Walikaa karibu majuma matatu, wakala, wakalala bila hofu, wakaondoka na nguvu mpya.

Stanley aliona kwamba mwenyeji wake naye anahitaji mapumziko, akamshauri waende wote pwani. Mackay alikataa, hakutaka kuacha kazi bila mtu wa kuishika.

Februari 1890 mwenzake Deekes alikuwa mgonjwa, naye yu tayari kusafiri kwenda pwani. Asubuhi ya safari Mackay akashikwa na homa kali. Deekes, ingawa mgonjwa, aliacha safari yake akamwuguza mpaka mwisho. Mackay alifariki tarehe 8 Februari, mwenye umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Tunajifunza nini? Mambo aliyowatendea wageni wake yalikuwa madogo: chakula, kitanda, mazungumzo ya jioni. Hata hivyo yaliwarudishia watu uzima. Tena tunaona kwamba mtenda wema naye ni mwili, huchoka. Deekes alilijua hilo.

Kwetu wako watu wa namna hiyo: mama anayeuguza mwaka mzima, mzee wa kanisa anayezunguka kwa wagonjwa, mchimbaji anayelisha watoto wa mwenzake aliyefukiwa shimoni. Kila mtu huwapelekea shida zake, wachache huwauliza wameamkaje. Juma hili twende tukawapigie hodi, tuwachotee maji, tuketi nao kidogo. Wao watapata nafuu, na sisi tutarudi nyumbani mioyo yetu ikiwa myepesi.