Kabla ya kumwagia chai ya kijani kichwani, msome Madam Walker

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka sita akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Kwa miezi mitatu mama huyo alikuwa akichemsha chai ya kijani, anaipoza, kisha anammwagia mtoto kichwani kila jioni, kwa kuwa aliambiwa inaotesha nywele. Nilipofungua kitambaa nikakuta mapunye. Chai haikumdhuru mtoto, ila miezi mitatu ilikuwa imepotea. Nilimkumbuka Madam C.J. Walker, na leo nataka ufahamu habari zake.

Alizaliwa Desemba 23, 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, Marekani, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba. Yeye ndiye wa kwanza katika familia kuzaliwa huru. Alifiwa na wazazi wote akiwa na miaka saba, akaolewa akiwa na miaka 14, na kufika miaka 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo. Akahamia St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi, akaishi kwa kufua nguo za watu.

Katika miaka ya 1890 nywele zikaanza kumtoka, akabaki na mabaka ya upara. Kama umewahi kwenda kazini na kilemba siku ambayo si ya kilemba, unajua alivyojisikia.

Sasa fikiria maisha yake. Nyumba nyingi hazikuwa na bomba la maji ndani, watu wakiosha nywele mara chache sana. Mba na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa kila mahali. Sabuni zilikuwa kali, chakula hafifu, kazi ngumu. Ningekuwa daktari wake ningeanzia hapo.

Alijaribu dawa nyingi, zikiwemo za Annie Turnbo Malone, mfanyabiashara mweusi ambaye baadaye Sarah alikuwa wakala wake. Mwaka 1905 alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyeijua kazi ya matangazo. Ndipo akaanza kuuza dawa yake mwenyewe kwa jina la Madam C.J. Walker. Alisimulia kwamba mchanganyiko wake alioteshwa usingizini, na kwamba baadhi ya viungo vilitoka Afrika. Ndoto sina la kusema. Ninachojua ni kwamba ndani yake mlikuwa na mafuta ya mgando na salfa, na salfa ilikuwa dawa ya ngozi tangu zamani sana.

Ila pamoja na kopo la mafuta, wateja wake walifundishwa kuosha kichwa mara kwa mara na kutunza ngozi yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye siri. Ngozi ikipona na mizizi ya nywele ikiwa bado hai, nywele hurudi, na sifa hupewa kile kilichokuwa kwenye kopo.

Mwaka 1908 alifungua shule ya mawakala Pittsburgh, mwaka 1910 akahamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Maelfu ya wanawake weusi walipata kipato kupitia kwake. Lakini alikuwa na shinikizo la damu, na figo zikaharibika. Madaktari walimsihi apumzike, yeye akaendelea na safari. Alifariki Mei 25, 1919, akiwa na miaka 51. Vidonge vya presha ambavyo baadhi yenu mnaviacha kabatini havikuwepo enzi zake.

Turudi kwenye chai yako. Kemikali za chai ya kijani zimeonyesha dalili nzuri kwa vinyweleo maabara, lakini kwa watu ushahidi ni mdogo mno kuiita tiba. Kikombe kimoja au viwili hakina shida. Usinywe pamoja na mlo, maana chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na upungufu wa chuma ni sababu mojawapo ya nywele kupukutika. Vidonge vya chai hiyo iliyokolezwa viogope: vimewahi kuharibu ini za watu.

Kama ulijifungua au uliugua homa kali miezi miwili mitatu iliyopita, nywele zinazotoka kwa wingi sasa kwa kawaida hurudi zenyewe. Ukiwa unatumia chai wakati huo, utaapa kwamba ndiyo iliyokuponya. Nywele zinazokatika pembeni mwa paji zinataka ulegeze misuko leo, kwa sababu ngozi ikishakuwa nyororo yenye kung'aa, ni kovu, na hapo hakuna dawa ya kupaka itakayosaidia. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba mlete hospitali: mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, krimu peke yake haitoshi.

Binti yule nimempa dawa. Nimemwomba mama yake avitenge vitana na taulo, awaangalie vichwa wadogo zake wawili, na amrudishe baada ya wiki nne.