Gumha na Mchezo Usiozeeka

Napenda kuwapasha habari za Gumha, mganga na mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma, aliyeishi katika karne ya 19. Wazee husimulia kuwa alikuwa na mshindani wake, Ngika, naye pia mganga. Kila mmoja alidai dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake. Basi wakashindana kwa ngoma: kila mmoja alicheza na watu wake kwa wakati mmoja, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye aliyeshinda.

Gumha alikufa zamani, lakini wafuasi wake, Bagalu, hushindana hata leo na Bagika wa Ngika baada ya mavuno, na katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza.

Kwa nini mchezo huu wa kale hauchoshi? Mimi naona ni kwa sababu hukumu iko miguuni mwa watazamaji. Kanuni ni ile ile ya Gumha, lakini kila kikundi sharti kibuni jambo jipya, la sivyo kitachezea uwanja mtupu. Vijana wenzangu wa Bariadi, tukiacha kujifunza, uwanja huo utabaki mtupu kwa pande zote mbili.