Al-Biruni na jiwe la bilauri

Nyanda za Mbeere, chini ya Embu, na za Tharaka, chini ya Meru, zimelala juu ya miamba mikongwe sana, na humo mna mawe meupe tele. Mengi yana ukungu. Lakini likitokea moja safi kama maji ya kisima, hilo ndilo bilauri ya asili, na mwenye kuliweka dirishani lishike jua amefanya walilolifanya wafalme. Sisi wa pwani neno hilo tumekipa chombo cha kunywea maji, tukalisahau jiwe lenyewe. Aliyeliandika, akaitaja na nchi yetu pamoja nalo, ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Mwanachuoni huyo alizaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, tarehe 3 Mfunguo Tatu mwaka 362 wa Hijra, sawa na Septemba 973. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa Ghazna pasipo hiari yake. Mwingine angekaa akalia. Yeye alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Husimuliwa kwamba Sultani Masud, mwana wa Mahmud, alimpelekea fedha mzigo wa ndovu mzima kwa kitabu chake cha elimu ya nyota, naye akairudisha.

Kitabu cha vito alikiandika uzeeni, zama za Sultani Maudud. Mna yakuti, lulu, feruzi, akiki na mengineyo. Jiwe alilitia katika chombo kilichojaa maji, na maji yaliyomwagika akayapima kwa mizani. Kwa njia hiyo hutambulikana kito na kigae cha rangi, hata vikifanana machoni.

Tena palikuwa na maneno kwamba nyoka akitazama zumaridi hupofuka, na waandishi waliyapokea mmoja kwa mwenziwe. Al-Biruni alitafuta nyoka. Kwa muda wa miezi 9, katika joto na katika baridi, alimvisha mkufu wa zumaridi na kumtandikia zumaridi chini, na nyoka hakupata dhara yoyote. Labda aliona vizuri zaidi! Siku hizi vito huuzwa pamoja na ahadi za kuondoa husuda na kuleta usingizi, na sijasikia muuzaji aliyetafuta nyoka wake.

Ama bilauri, ameeleza kuwa ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, ndiyo huku kwetu, na vya Maldivi. Basra palikuwa na karakana ya vyombo, na humo mtu mmoja kazi yake ni kutazama tu. Kila kipande huletwa mbele yake, akakipima kwa jicho kinafaa kuwa nini, kikombe au birika, akaandika juu yake, ndipo mafundi wakachonga kama alivyoamuru. Ujira wake ulizidi wa mafundi mara nyingi. Hapo ndipo panaponiuma. Huko Dembeni, kisiwa cha Maore katika Komoro, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vipande vya bilauri ya Bukini, vya tangu karne ya 9 hadi ya 12, vilivyongoja jahazi. Watu wetu waliuza jiwe. Bei ya lile jicho ilibaki Basra.

Na bei yenyewe haikuwa ndogo. Birika moja la bilauri, lililochongwa simba ubavuni, lenye jina la al-Aziz Billah, Khalifa wa Misri aliyetawala kuanzia 975 hadi 996, lingali Venice katika hazina ya kanisa la San Marco.

Al-Biruni alifariki Ghazna, yapata mwaka 440 wa Hijra, 1048. Yaqut ameandika kwamba fakihi mmoja alimzuru akiwa katika sakarati, naye akamwuliza mas-ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama. Fakihi alimwonea huruma, lakini mgonjwa akashikilia, hata akaelezwa, akayahifadhi na kuyakariri. Mgeni alipotoka, kabla hajafika mbali, alisikia kilio nyumbani.