Mtakatifu Vincent de Paul, Mtoto wa Mkulima

Upande wa kusini wa Ufaransa, karibu na mji wa Dax, kilikuwako kijiji kilichoitwa Pouy. Siku hizi chaitwa kwa jina la mtakatifu tunayemweleza hapa. Huko, karibu na mwaka 1580, alizaliwa Vincent, mtoto wa tatu katika watoto sita wa Jean de Paul na mkewe Bertrande de Moras. Baba yake hakuwa mwombaji, lakini mali yake yote ilikuwa shamba dogo na mifugo michache. Vincent alichunga kondoo, ng'ombe na nguruwe. Chakula cha nyumbani kilikuwa uji mzito wa nafaka ndogo iliyo kama ulezi, nao ulimiminwa katika chombo kimoja, na watu wote wa nyumba wakakizunguka.

Katika Ufaransa ya siku zile wakulima ndio waliobeba kodi kubwa ya mfalme, nao wakubwa walisamehewa. Tena vyeo vingi vya Kanisa vilikuwa na mashamba na mapato yake, na watu wa ukoo mkubwa waliwapatia watoto wao vyeo hivyo mapema. Jean de Paul alimjua padri mmoja wa jirani aliyewainua ndugu zake kwa mapato ya namna hiyo. Alipoona Vincent ana akili, akatumaini naye atawainua wa nyumbani kwake. Akampeleka kusoma Dax.

Wakatekumeni wapenzi, msidhani ya kuwa Vincent alizaliwa mtakatifu. Huko Dax alikaa kati ya watoto wa watu wenye nafasi, akajifunza kujiona kwa macho yao. Siku moja baba yake alikuja kumtazama shuleni. Mzee alikuwa amevaa nguo duni za shamba, tena alikuwa akichechemea. Vincent akaona haya, asitake kutoka kuzungumza naye. Neno hilo halikumtoka moyoni. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee wa kuheshimiwa, alilisimulia mwenyewe mbele ya wengine, akijishtaki.

Lakini baba yule hakumwacha. Vincent alipotaka kwenda mbali zaidi, mpaka shule kubwa ya Toulouse, mzee aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili kumpatia fedha ya masomo. Mkulima akiuza ng'ombe wa kulimia, watu wa nyumbani watalima kwa namna gani? Baba alikufa mwaka 1598. Mtoto akapadirishwa tarehe 23 Septemba 1600, angali kijana mno. Kwa miaka kadhaa alitafuta cheo chenye mapato, akikimbia huku na huko. Mwaka 1610 alimwandikia mama yake kutoka Paris, akitumaini kwamba karibu atapata pato jema na kurudi kukaa pamoja naye. Tusimcheke. Alikuwa amewagharimu wa nyumbani kwake mengi, naye alitaka kuwalipa.

Mwaka 1612 alipewa parokia ya Clichy, karibu na Paris, yenye wakulima kama watu wa kwao, akaipenda sana. Mwaka uliofuata aliingia katika nyumba ya bwana mkubwa Philippe-Emmanuel de Gondi, mkuu wa merikebu za makasia za mfalme, awafundishe watoto wake. Mnamo Januari 1617 alikuwa Picardie pamoja na mke wa bwana huyo, katika nchi za mashamba yao. Huko, katika kijiji cha Gannes, aliitwa kumwungamisha mzee mgonjwa. Majirani wote walimsifu mzee huyo. Kumbe alikuwa ameficha dhambi zake muda wa miaka mingi kwa aibu. Alipokwisha kuungama zote alifurahi mno, akamwambia bibi huyo waziwazi ya kwamba kama si maungamo hayo angalipotea milele. Bibi akashtuka. Yeye mwenyewe alikwisha kugundua ya kuwa mashamba yalikuwa na mapadri wasiojua hata maneno ya kuwaondolea watu dhambi. Mapadri wenye elimu walipenda miji, karibu na wenye fedha. Hivyo maskini walipungukiwa na mkate, wakapungukiwa na Sakramenti pia. Tarehe 25 Januari Vincent alihubiri katika kanisa la Folleville, na watu wakaja kuungama wengi kupita kiasi, hata ikabidi kuwaita mapadri Wayesuiti wa Amiens wamsaidie.

Mwaka ule ule alitumwa parokia ya Châtillon. Jumapili moja, alipokuwa akivaa kwa ajili ya Misa, aliambiwa kwamba katika nyumba moja iliyo mbali kidogo na mji wote ni wagonjwa, hata hakuna wa kumsaidia mwenzake. Akawataja katika mahubiri. Baada ya masifu ya jioni alikwenda mwenyewe, akakuta njia imejaa wanawake, wengine wakienda, wengine wakirudi, wengine wameketi kando kupumzika kwa sababu ya jua. Vyakula vilikuwa tele. Ndipo akafikiri: leo watashiba, na vingi vitaoza, kesho je? Huruma ilikuwako, utaratibu haukuwako.

Basi aliwakusanya wanawake hao, akawaandikia kanuni. Kila mmoja apike siku yake. Achukue chakula yeye mwenyewe, amsalimu mgonjwa kwa furaha, aweke ubao mdogo kitandani, atandike kitambaa, amnawishe mikono, amwombee baraka ya chakula, kisha amhimize kula kwa mapendo kama angemhudumia mwanawe, au zaidi Bwana wetu mwenyewe. Aanze na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, amalize na walio peke yao, apate kukaa nao zaidi. Mtu aliyeandika hivyo alijua maskini wanaumia wapi. Wengi hutupa sadaka mlangoni na kwenda zao.

Mwaka 1623, baada ya kuwahubiria wafungwa wa merikebu huko Bordeaux, alipita kijijini kwao. Ndugu zake walikuwa maskini kama zamani. Akawaambia wasingoje utajiri kutoka kwake, maana fedha ya padri ni ya Mungu na ya maskini. Lakini alipoondoka alilia njiani, na muda wa miezi mitatu alisumbuka, akiwaza jinsi ya kuwainua, mpaka alipoomba Mungu amwondolee mzigo huo. Najua ni neno gumu kwetu, ambao ukoo mzima humtazamia aliyesoma.

Siku nyingine mpwa wake alifika Paris kwa miguu, amevaa kama mtu wa shamba. Vincent alijisikia tena aibu ile ya Dax, akataka kijana apitishwe kwa siri mpaka chumbani. Mara akajikaza. Akashuka mwenyewe mpaka njiani, akamkumbatia, akamshika mkono, akawaonyesha wote waliokuwako kwamba huyu ndiye mtu wa ukoo wake aliye bora.

Mwaka 1625 alianzisha shirika la mapadri wa kuwahubiria watu wa mashamba. Mwaka 1648 baadhi yao walitumwa mpaka Madagaska. Huko Paris mabibi wakubwa walijiunga na kazi ya wagonjwa, lakini wengi waliona vigumu kupanda ngazi chafu, wakawatuma watumishi wao. Ndipo akaja Marguerite Naseau wa Suresnes, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma kwa kuwauliza wapita njia herufi. Alikufa mwaka 1633, kwa kuwa alimlaza mgonjwa wa tauni katika kitanda chake. Mwaka huo huo, pamoja na Louise de Marillac, Vincent alianzisha shirika la Mabinti wa Upendo, nao wa kwanza walikuwa wasichana wa vijijini. Hao waliwalea watoto waliotupwa na kuwauguza wafungwa.

Vita vilipoangamiza nchi ya kwao, ndugu zake wakawa waombaji kweli. Hapo fedha aliyokuwa amepewa na rafiki kwa ajili yao iliwafikia, maana sasa walikuwa katika hesabu ya maskini.

Alikufa tarehe 27 Septemba 1660, ameketi kitini, amevaa nguo zake. Wakubwa na maskini walimzika pamoja. Papa Klementi XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1737, naye Papa Leo XIII, mwaka 1885, alimweka kuwa msimamizi wa kazi zote za mapendo. Sikukuu yake ni tarehe 27 Septemba.