Walter Brattain, mikono yenye ilitengeneza transista ya kwanza

Radio yenye unabeba shambani, ile ya majiwe mawili, ndani yake mna kitu kidogo kinaitwa transista. Bila transista, radio ingekuwa bado ni sanduku la kuweka juu ya meza, lenye taa za kioo ndani, lenye kukula umeme mwingi na kukawia kupata moto kabla ya kuongea. Wazee wetu wengine waliona masanduku ya namna ile. Mtu mwenye alitengeneza transista ya kwanza kwa mikono yake aliitwa Walter Brattain, na alikuwa mtoto wa wafugaji wa ngombe.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1902 katika mji wa Amoy, kule China, fasi baba yake alikuwa anafundisha. Angali mtoto mdogo, wazazi walimrudisha kwao Marekani. Alikomaa katika jimbo la Washington, karibu na mpaka wa Kanada, akipanda farasi na kufuata ngombe. Kisha masomo: shule ya Whitman ambapo alimaliza mwaka 1924, na udaktari wa fizikia katika iniversite ya Minnesota mwaka 1929. Mwaka ule ule akaingia katika laboratwari za Bell, za kampuni kubwa ya telefone ya Marekani. Alibaki pale karibu miaka 40.

Kazi yake ilikuwa gani? Kila mtu anajua kwamba waya wa shaba unapitisha umeme na kioo kinakatala. Lakini kuna vitu vya katikati, kama silikoni na jermaniumu, vyenye kupitisha kidogo. Wanaviita semikondakta. Umeme ni mwendo wa elektroni, chembe ndogo sana, na Brattain alitaka kujua elektroni zinafanya nini pale juu kabisa, kwenye ngozi ya kitu, si ndani yake. Watu wa fizikia walikuwa wameanza kufahamu mambo ya ndani. Ngozi ndiyo ilikuwa inawashinda.

Mwaka 1945 mkubwa wake wa kazi, William Shockley, alikuwa na wazo zuri: weka bati lenye umeme karibu na semikondakta, na elektroni za ndani zitaongezeka ao zitapunguka kama vile unafungua na kufunga robine ya maji. Walijaribu, na hakuna kitu kilitokea. Mwenzao John Bardeen, mtu wa hesabu na wa kunyamaza, ndiye alitoa maelezo: elektroni zinanaswa kwenye ngozi, kama watu wenye wanasongana kwenye mlango wa soko mpaka hakuna mwenye kuingia. Sasa nani atahakikisha? Brattain. Bardeen alifikiri, Brattain alishika vyombo, na walikuwa pia marafiki wenye kucheza gofu pamoja.

Katika mwezi wa Novemba 1947 vyombo vya Brattain vilikuwa vinamsumbua juu ya unyevu wenye kukusanyika kwenye semikondakta iliyokuwa katika baridi. Kukausha kungechukua muda mwingi. Alichoka kungojea, akatia kila kitu katika maji. Na ndipo ile ngozi yenye ilikatala kwa miaka mingi ikaanza kutii! Mimi napenda sana sehemu hii ya habari yake. Mwezi mmoja nyuma, akitumia jermaniumu, kwa kosa aliosha utando wenye alikuwa anafikiri unakinga chuma chake, na hilo kosa nalo likamsogeza mbele.

Tarehe 16 Desemba alichukua kipande cha plastiki cha pembe tatu, akakizungushia karatasi nyembamba ya zahabu, akaipasua kwenye ncha kwa wembe ili zibaki pande mbili zenye karibu kugusana. Akaikandamiza juu ya jermaniumu kwa risoti. Umeme mdogo ukaingia upande mmoja, ukatoka mkubwa upande wa pili. Tarehe 23 Desemba, siku mbili mbele ya Noeli, walionyesha wakubwa wa kampuni: mtu akaongea, sauti ikatoka imekuzwa, bila taa hata moja ya kioo.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Shockley hakuwa kwenye kile kifaa cha kwanza, na alitaka haki ya uvumbuzi iandikwe kwa jina lake, juu wazo la mwanzo lilikuwa lake. Wanasheria wa kampuni walikuta kwamba mtu mwingine, Julius Lilienfeld, alikuwa ameandikisha wazo karibu na lile miaka 20 nyuma. Hati ikatoka kwa majina ya Bardeen na Brattain. Lakini tazama ile foto ya 1948 yenye kujulikana dunia nzima: Shockley ameketi mbele ya vyombo kana kwamba ndiye alikuwa anavitumia, Bardeen na Brattain wamesimama nyuma yake. Vyombo vilikuwa vya Brattain. Aliichukia foto ile maisha yake yote, na kusema kweli namwelewa. Baadaye aliomba atolewe chini ya Shockley, na Bardeen akaacha kampuni mwaka 1951. Hata hivyo wote watatu walipewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1956.

Radio ya kwanza ya transista kuuzwa ilitoka Marekani mwaka 1954, ikiwa na transista 4 za jermaniumu. Hiyo jermaniumu haiko mbali na sisi: inapatikana pamoja na zinki na shaba katika mgodi wa Kipushi, kule Haut-Katanga.

Na ile ngozi ya Brattain ilikuja kuwa fasi ya utafiti mkubwa. Katika transista za silikoni elektroni zinaweza kubanwa katika tabaka jembamba sana hata zinatembea kama kwenye sakafu, mbele na nyuma, kushoto na kuume, bila kupanda wala kushuka. Mwaka 1980, kule Grenoble, Mjerumani Klaus von Klitzing alipima elektroni za namna hiyo katika baridi kali na sumaku ya nguvu, akakuta umeme wake unaenda kwa ngazi kamili. Alipata Nobel mwaka 1985. Brattain alikuwa angali hai.

Mwaka 1967 aliacha Bell, akarudi Whitman kufundisha wanafunzi, hata wale wenye hawakusomea sayansi. Alifurahi kwamba radio ndogo zilifikia watu maskini wa mbali. Kitu kimoja tu kilimuuzi: wapiga rok wenye kutumia transista kupandisha kelele mpaka masikio yanauma. Alikufa Seattle tarehe 13 Oktoba 1987, akiwa na miaka 85.