Mwenda Jean-Bosco na vidole vyake viwili

Wanafunzi wenzetu, gitare nzuri ni ile inayokimbia mbio? Tuangalie maisha ya Mwenda Jean-Bosco.

Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, mji wa Bayeke katika Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki ya Afrika, alimkuta Jadotville (leo Likasi), akachukua sauti yake. Ukisikiliza « Masanga » utazania magitare ni mawili; kumbe ni mtu mmoja! Mkono wa kuume alipigisha gumba na kidole cha shahada tu. Gumba ilishika besi, kidole ile ingine iliimba. Ufundi ule ulimfikisha mpaka Newport, Marekani, mwaka 1969. Alikufa Zambia mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Ufundi alikuwa nao mwingi, lakini aliutumikisha kwa wimbo. Na sisi wa kwaya? Tunashindana mbio ili watu watushangae, waimbaji wanapotea, neno la wimbo halisikiki tena. Basi, ndugu, Jumapili tupunguze mbio. Vidole vitumikie wimbo, si wimbo kutumikia vidole.