Yosefu Mukasa Balikuddembe: Mkatoliki Aliyemtetea Askofu wa Kiprotestanti



Kama umewahi kufika Kampala kwa biashara, bila shaka umepita Owino. Wapo wapendwa wetu wa Muyinga na Gitega wanaopanda basi, wanavuka mpaka pale Kobero, wanapita Ngara na Bukoba hadi Mutukula, na mwisho wa safari yao ni lile soko kubwa la mitumba lililo karibu na uwanja wa Nakivubo. Wengi tunaliita Owino tu. Kumbe jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Mimi nilipita pale mara nyingi bila kuuliza huyo Balikuddembe alikuwa nani. Niliposikia ni mtakatifu, nikasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya Wakatoliki, nikaendelea kuchagua mashati.

Katika gazeti hili la kumbukumbu ya ushirika wetu, nataka nikusimulie maisha yake. Habari zake zilinishtaki, na nadhani zitakugusa na wewe. Maana kuna swali linalozunguka katika makanisa yetu, upande huu wa mpaka na upande ule: je, Wakatoliki ni Wakristo?

Swali hilo si la kijinga, tuseme ukweli. Sisi tunafundisha kwamba mtu anaokolewa kwa neema, kwa kumwamini Yesu, na kwamba lazima azaliwe mara ya pili. Tunabatiza mtu anayejua anachokiri, si mtoto mchanga. Tukiona watu wanamwomba Maria na watakatifu, wanapiga magoti mbele ya sanamu, wanaungama kwa padri, wanaombea marehemu walio toharani, tunashtuka. Tofauti hizo ni za kweli na mimi sizifuti. Lakini kutoka kusema fundisho hili si sahihi hadi kusema mtu huyu si wa Kristo, kuna hatua kubwa. Wengi wetu tumeiruka bila kuangalia chini. Sasa sikiliza habari za Mukasa.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1860. Mwaka 1874, akiwa bado kijana mdogo, alipelekwa ikulu kumhudumia Kabaka Mutesa. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana kutoka Uingereza. Mwezi wa pili 1879 wakafika Mapadri Weupe kutoka Ufaransa. Hao Mapadri Weupe ndio haohao walioleta Ukatoliki huku kwetu Burundi. Watatu wao waliuawa Rumonge mwaka 1881, na baadaye wenzao wakaanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899.

Pale ikulu kwa Mutesa ndipo swali letu lilipoanza katika nchi hizi. Mwanglikana Alexander Mackay na Padri Lourdel walibishana mbele ya mfalme na wakuu wake, mwaka uleule wa 1879. Mackay aliwaambia Waganda kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria na kumtii Papa. Lourdel naye alisema kwamba Waprotestanti wameiacha kweli na wanafundisha uongo. Mfalme akashangaa. Aliona kwamba kila taifa la wazungu limekuja na dini yake, naye hakujua amwamini nani. Mukasa alikuwa kijana wa ikulu wakati huo. Kwa hiyo usifikiri alikuwa hajui ugomvi wa dini. Alikua ndani yake.

Yeye alichagua kwa mapadri. Alifundishwa, na tarehe 30 Aprili 1882 Lourdel akambatiza kwa jina la Yosefu. Miezi michache baadaye, mwezi wa kumi na moja, mapadri wakaondoka Buganda, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza. Hawakurudi hadi 1885. Sasa hapo angalia kazi ya Mungu, msomaji wangu. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri wala misa. Waliobaki ni vijana wachache, na Mukasa ndiye aliyewakusanya, akawafundisha kusali, akawatia moyo. Wewe unayeongoza seli ya maombi nyumbani kwako bila mchungaji, unaijua kazi hiyo.

Mutesa alikufa mwezi wa kumi 1884, na mwanawe Mwanga, kijana asiyefikia miaka 20, akatawala. Mwanga alimfahamu Mukasa na kumwamini. Akamweka kuwa mkuu wa vijana wanaohudumu katika nyumba ya ndani, na akampa ruhusa ya kumwonya akiona amekosea. Waganda wanamkumbuka kwa jina la Balikuddembe, na ndani ya jina hilo mna neno lao la amani. Ukitaka kumwelewa, soma habari za Obadia katika 1 Wafalme 18, yule aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu huku akimcha Bwana na kuwaficha manabii. Mukasa alikaa mahali kama pale. Aliwalinda vijana waliokuwa chini yake, wa dini zote, wasichafuliwe na tamaa za mfalme. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtafutia maadui.

Halafu mambo yakaharibika. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana waliuawa Busega: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kunyakua nchi upande wa pwani, na ikulu ikajaa hofu. Waganda walikuwa na usemi wa zamani kwamba atakayeiteka nchi yao atatoka mashariki. Na ni katika miezi hiyohiyo askofu mpya wa Waanglikana, James Hannington, alikuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Hakujua anaingia katika mtego wa hofu ya watu. Alikamatwa, akafungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Haya, mpendwa. Jiweke mahali pa Mukasa. Aliyeuawa si mtu wa kanisa lako. Ni mkuu wa wale ambao padri wako anasema wamepotea. Amekufa mpinzani. Wewe una cheo kizuri, una chumba ikulu, mfalme anakuita kila siku. Ukinyamaza hakuna atakayekulaumu. Tena wapo watakaosema kimoyomoyo kwamba afadhali, maana sasa Waprotestanti wamepungua nguvu.

Mukasa hakunyamaza. Alimwendea mfalme akamwambia wazi kwamba amefanya vibaya kumuua mtu yule bila hata kumpa nafasi ya kujitetea. Alimkumbusha kwamba baba yake, Mutesa, hakuwaua wazungu waliokuja kufundisha dini. Mfalme alikasirika. Katikkiro, waziri mkuu, ambaye kwa muda mrefu alimwona Mukasa kama mshindani wake, akachochea moto. Isitoshe, mfalme aliumwa baada ya kunywa dawa iliyotoka kwa padri, na Mukasa akashutumiwa kuwa amehusika. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kesi yake ilikuwa na sababu moja tu. Palikuwa na wivu, palikuwa na hofu, na palikuwa na wale vijana aliowakinga. Lakini neno alilosema juu ya askofu wa Kiprotestanti ndilo lililoufungua mlango wa kifo chake.

Tarehe 15 Novemba 1885 alihukumiwa achomwe moto. Alipelekwa Nakivubo, kule kule ambako leo watu wanauza viatu na mashati. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alimheshimu na inasemekana alichelewesha kazi akitumaini mfalme atabadili neno. Halikubadilika. Mukasa hakutaka hata kufungwa kamba, kwa kuwa hakuwa na nia ya kukimbia. Aliacha ujumbe kwa Mwanga kwamba anamuua bila haki, kwamba amemsamehe, lakini atubu, la sivyo watakutana mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu. Kisha alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa. Umri wake ulikuwa kama miaka 25 tu.

Inasimuliwa Uganda kwamba Mwanga alipopata ujumbe ule aliogopa sana, akaamuru mtu mwingine auawe na majivu yake yachanganywe na ya Mukasa, ili Mukasa asiweze kumshtaki huko mbinguni. Ona jinsi dhamiri inavyomsumbua mtu.

Siku ileile aliyokufa, rafiki yake Karoli Lwanga alibatizwa, akachukua kazi ya kuwalinda wale vijana. Unajua mwisho wake. Tarehe 3 Juni 1886, Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana siku moja, mahali pamoja. Katika mateso yale ya 1885 hadi 1887, hesabu inayojulikana ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wauaji hawakuwauliza habari za Maria wala za Papa. Waliulizwa kama ni watu wanaosali, na waliokubali wakafungwa kamba pamoja.

Natamani niishie hapo, lakini historia haikuishia hapo. Tarehe 24 Januari 1892, miaka sita tu baada ya Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa risasi pale Mengo. Waliitwa Bafransa na Bangereza. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim, nao wakashinda. Hebu fikiri: watu walioungua pamoja, jamaa zao wakaja kuuana, kila upande ukijiita wa Mungu. Swali la nani ni Mkristo wa kweli lilijibiwa kwa bunduki. Na Mwanga mwenyewe? Alinyang'anywa ufalme, akahamishiwa visiwa vya Seychelles, na huko akabatizwa kwa jina la Danieli katika kanisa la Kianglikana, kanisa la yule Hannington. Alikufa mwaka 1903.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Mukasa kuwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake 21. Mwaka huohuo, katika Mtaguso wa Vatikano, likaanza kutuita sisi ndugu waliotengana nao, baada ya miaka mingi ya kutuita wazushi. Kwa hiyo ujue kwamba na wao walituuliza swali hilihili. Hata Waprotestanti wa zamani, kuna waliosema sisi Wapentekoste ni watu wa kelele tu.

Sasa nikueleze kwa nini habari hizi zilinishtaki. Mimi nilizaliwa Muyinga katika nyumba ya Kikatoliki. Mwaka 1993, nchi ilipoungua, nilikuwa mtoto. Jirani zetu waliokuwa wanasali kwa Wapentekoste walijificha siku kadhaa katika shamba la kahawa, na mama yangu ndiye aliyewapelekea chakula. Mara mbili alinituma mimi, nikiwa na viazi vitamu ndani ya kikapu, juu yake majani ya kulisha mbuzi. Kabla sijaondoka alinifanyia ishara ya msalaba usoni. Kama tungeonekana, sijui ingekuwaje.

Miaka tisa baadaye nilikuwa nimeokoka, nimejaa moto. Nikasimama kando ya barabara karibu na soko, siku ya Jumapili, watu wakitoka misa, nikahubiri kwamba wote wanaoshika rozari ni wapagani waliovaa nguo za Kikristo. Mama alikuwa katika kundi lile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Usiku nilikuta ameniwekea ugali na maharage, amefunika sahani. Hakusema neno lolote juu ya mahubiri yangu, si siku ile wala baadaye, hadi Bwana alipomchukua.

Mpendwa msomaji, mimi sijarudi nilikotoka. Bado nahubiri kuzaliwa mara ya pili, na bado simwombi Mukasa wala mtakatifu mwingine, kwa maana mwombezi wangu ni Yesu peke yake. Mkatoliki akiniuliza, nitamfungulia Biblia na kumweleza bila kuficha. Lakini lile neno nililotamka barabarani nimeliacha. Wanafunzi wa Yesu walimkataza mtu aliyetoa pepo kwa jina lake kwa sababu hakufuatana nao, na Bwana hakuwapongeza. Utaikuta habari hiyo Luka 9.

Na kuna swali lingine ambalo sasa najiuliza mwenyewe, nakuachia na wewe. Siku kiongozi wa kanisa lisilo langu atakapoonewa, Mkatoliki au mwingine yeyote, je, mimi nitafungua kinywa mbele ya mwenye nguvu? Au nitanyamaza nikihesabu kwamba wapinzani wamepungua?

Ukifika Owino safari ijayo, kabla hujauliza bei, simama dakika moja pale karibu na Nakivubo. Mshukuru Mungu kwa kijana yule. Kisha ukirudi nyumbani, kama una mama au dada au jirani uliyemwambia kwamba si Mkristo, mwendee mkasalimiane. Mimi nilichelewa. Wewe usichelewe.

Bwana awabariki nyote, wa Burundi, Tanzania, Kongo, Rwanda na Uganda, katika sherehe hii ya ushirika wetu. Amina.